Picha ya Baba kwenye Ukurasa wa Samahani

Makao Makuu ya Mamlaka ya Maji
9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimepiga simu mara chungu nzima na kila mara unaniambia "sema kwa sauti, mwanangu," halafu unampa Mama simu, na Mama naye anaanza habari za kuku wa jirani. Basi nimeamua kukuandikia kama zamani nilipokuwa shule ya bweni. Angalau barua haihitaji masikio.

Nina habari. Tovuti mpya ya Mamlaka imekamilika, na aliyeijenga ni mimi, kitindamimba wako, yule uliyesema ataishia kufungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Tunaizindua karibuni. Watu wataangalia ankara humo, watasoma matangazo ya maji kukatika, wataripoti mabomba yaliyopasuka.

Sasa sikiliza, kuna jambo linalokuhusu. Mtu akikosea anwani, au akitafuta ukurasa ambao haupo, seva lazima imjibu kitu. Seva ni ile kompyuta inayokaa chumba cha baridi na kuwagawia watu kurasa. Ikiachwa yenyewe hutoa maandishi makavu, 404, haipatikani, basi. Mtu akiyaona anadhani ameharibu simu. Ndiyo maana tunatengeneza ukurasa wetu wa samahani wenye maneno ya kibinadamu. Na wa kwetu, Baba, una picha yako!

Desemba nilipokuja, ulikuwa mezani umetandaza ile ramani yako kubwa ya mji, miwani umeipandisha kwenye paji la uso, mkono kichwani, mdomo wazi. Nilikupiga picha hukuniona. Nimeiweka, na chini yake nimeandika: "Samahani. Hata mpima ramani wetu hajui ukurasa huu uko wapi." Wenzangu walicheka mpaka machozi. Mzee wa stoo, aliyewahi kufanya kazi na wewe, akakutambua papo hapo: "Si Ramani huyu! Aliyepima mji mzima kwa miguu!" Ndiyo utamu wa utani wenyewe. Ila sikumwambia yeyote kwamba ni baba yangu, wasije wakasema nimeingia kazini kwa mgongo wako.

Najua utanuna kidogo, halafu utawaonyesha mtaa mzima.

Mwanao,
Kitinda


Nyumbani
17 Februari

Kwako Kitinda,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima, mama yako mzima, paa la jikoni limezibwa.

Picha ile iondoe.

Sina haja ya kulieleza jambo hili. Nilifanya kazi pale tangu nikiwa na nywele mpaka zikaisha, na hakuna siku niliyochekwa. Kama unataka picha ya kuchekesha, tumia ile yako ya shule ya msingi ukiwa umeng'oka meno ya mbele. Hiyo ruhusa natoa.

Na kitu kingine. Nani alikuambia uandike maneno yale? Nauliza tu. Kama kuna mtu amekunong'oneza jambo, niambie ni nani.

Siku hizi sitoki sana. Jua ni kali.

Iondoe kabla hamjazindua.

Baba yako


Makao Makuu
2 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika huku uso unaniwaka. Mpaka karatasi hii ikufikie utakuwa umeshaambiwa na kila mwenye simu.

Barua yako ilinifikia kwa kuchelewa, tumeshazindua na mambo yameshaharibika. Ningeipata mapema ningeiondoa picha siku hiyo hiyo.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana najua hupendi kujibiwa "ni mtandao tu."

Seva, kabla ya kumpa mtu ukurasa, hutaja namba kwanza. Mtu haioni namba hiyo, mashine zinaiona. Mia mbili maana yake "sawa, chukua." Mia nne na nne, "hakipo." Mia tano, "nimeharibika mwenyewe." Mia tatu na moja, "kimehama moja kwa moja, kuanzia leo kifuate kule." Ukurasa wa samahani ulipaswa kutoka na mia nne na nne. Mimi kwa haraka zangu niliiagiza seva kwamba chochote kisichopatikana kipelekwe kwenye ukurasa wako kwa mia tatu na moja. Mtu akishafika kwako, seva inasema mia mbili. Sawa. Kwa macho huoni tofauti: picha inatokea, maneno yanatokea. Nikaridhika.

Ijumaa jioni tulihamishia mafaili kwenye folda mpya, na kwenye mipangilio nikaruka herufi moja ya jina la folda. Seva ikawa haioni ukurasa hata mmoja isipokuwa ule wa samahani, uliokaa kwenye folda yake peke yake. Kila aliyefungua tovuti, awe anatafuta ankara au namba ya dharura, alipelekwa kwako. Tuna mashine inayopita kuikagua tovuti ili ipige kengele ikikuta kosa. Kila ilipopita ilikuta mia mbili. Skrini yangu ilikuwa taa za kijani tupu.

Na ndiyo siku bomba kubwa la mji wenu lilipokuwa likisafishwa. Tangazo la kuwaambia watu wasinywe maji bila kuchemsha lilikuwa humo kwenye tovuti. Watu walifungua walisome, wakakuta wewe umeshika kichwa.

Jumamosi dada wa huduma kwa wateja akanipigia, simu zinamlemea. Nikamwambia, nimekaa mbele ya taa zangu za kijani, "Tovuti ni nzima, waambie wazime simu zao wawashe." Akapiga tena, nikamjibu vile vile. Mwisho akaja juu: "Hebu fungua wewe, kwa simu yako mwenyewe!" Nikafungua. Ukanitazama.

Hapo ndipo nilipoiambia seva initajie namba tupu, bila picha wala maneno. Ikataja: mia tatu na moja, kisha mia mbili. Nikarudi kwenye mipangilio, nikaiona herufi iliyokosekana, nikaiweka. Kurasa zikafufuka. Lakini kumbe "kimehama moja kwa moja" simu za watu hukikariri. Waliokwisha kupelekwa kwako waliendelea kuja kwako hata baada ya matengenezo, kwa sababu simu zao hazikuiuliza seva tena, zilikwenda moja kwa moja. Ikabidi niifute picha, na lile tangazo la maji nikaliandika pale pale kwenye ukurasa wa samahani. Hilo ndilo lililosaidia.

Picha haipo tena kwetu. Ila watu walishaihifadhi kwenye simu zao na kutumiana, kila mmoja ameongeza maneno yake. Huko siwezi kuifuta.

Najua heshima uliyonayo mjini. Niandikie, hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Kitinda


Nyumbani
8 Machi

Kitinda mwanangu,

Baba yako yupo uani anapanga kuni ambazo alishazipanga asubuhi, kwa hiyo naandika mbiombio na barua hii nitampa jirani aipeleke posta. Usimwambie nimekuandikia. Nikikuomba kitu kimoja tangu nikuzae, ni hicho.

Mambo ya maji yamepita. Mtoto wa jirani alitapika siku nzima, sasa anacheza. Watu walikuwa na hasira, walisimama bombani wakisema sisi tunaumwa matumbo, wao wanatuchekesha na wazee. Nilikuwepo na ndoo yangu. Hawakujua niko nyuma yao. Waliponiona wakanipisha nichote kwanza, na kule kunipisha kulikuwa kubaya kuliko maneno.

Lakini siyo hilo. Jumatatu baba yako alivaa shati la kazi, lile la zamani lenye nembo, akasema anakwenda ofisi ya maji kuwaambia picha ile iondolewe. Nikamwambia nitamsindikiza. Akaniuliza tangu lini mtu anasindikizwa kwenda kazini kwake. Akaondoka. Mchana ukafika, hajarudi. Alasiri ikafika. Nimezunguka mtaa kama kichaa, bila kumwambia mtu ninamtafuta nani.

Aliyemleta ni binti mmoja mshona nguo. Alimkuta pale nyumba ya pampu, ameshika uzio. Akamtambua kwa ile picha ya kwenye simu. Kwa furaha zake akamwambia, "Mzee wa samahani! Na wewe umepotea?" Baba yako akamjibu, "Ndiyo. Hapa ni wapi?" Binti akadhani anaendeleza mzaha, akacheka sana, akatoa simu wapige picha pamoja. Mpaka akaona hauachii ule uzio. Amemshika mkono mpaka mlangoni kwetu, na mlangoni analia yeye, baba yako ndiye anayembembeleza.

Si mara ya kwanza, mwanangu. Ilianza kabla ya Desemba. Ameniapisha nisikuambie wewe wala kaka zako. Na ile siku ya picha, alikuwa anaitafuta nyumba yetu kwenye ramani yake na haioni. Nilikuwa mlangoni na sahani mkononi. Nikakuona unacheka huku unapiga picha, na mimi nikacheka. Ningesema nini?

Barua yako ya kwanza ilipokuja hakusema na mimi mpaka siku ya pili. Anaamini nilikuambia, na wewe ukayaandika maneno yale ukijua.

Anaingia. Nakomea hapa.

Mama


Makao Makuu
15 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu, na sikulaumu.

Nilikuandikia uongo. Barua yako ilifika kabla ya uzinduzi. Niliisoma mezani kwangu, nikasema moyoni, wazee na maringo yao, nikaitia kwenye droo. Nilikuwa na nafasi tele ya kuiondoa picha. Sikuiondoa kwa sababu watu walikuwa wanaisifu, na mimi nilikuwa nasifiwa nayo.

Uliniuliza nani aliniambia niandike maneno yale. Hakuna, Baba. Naapa kwa uhai wako. Niliyaandika kwa sababu katika maisha yangu yote sijawahi kukuona ukiuliza njia. Ulikuwa ukitupeleka mahali kwa njia za mkato mpaka Mama anakasirika. Nilidhani kusema Ramani hajui ni sawa na kusema jua limesahau kuchomoza. Nilidhani kila mtu angeona hivyo.

Kazini nimepewa onyo la maandishi. Ni haki yangu. Mipangilio nimeiandika upya: kisichokuwepo sasa kinajibiwa mia nne na nne, na ukurasa una mistari miwili ya maandishi na namba ya simu ya dharura, hakuna zaidi. Na mashine ya ukaguzi nimeifundisha isome na maneno yaliyomo, isitosheke na namba.

Nina siku kadhaa za likizo. Nilifikiri nije nyumbani. Pia kuna hospitali huku yenye daktari mzuri wa masikio, na wana madaktari wengine pia, wa mambo mbalimbali ya watu wazima, kama mtu angependa kuangaliwa tu kwa jumla, si kwamba kuna tatizo. Niliwaza tu.

Kitinda


Nyumbani
24 Machi

Kitinda,

Mimi mzima, mama yako mzima, paa la jikoni limezibwa.

Mama yako amekuandikia. Usibishe. Tangu uzaliwe hujawahi kuniandikia sentensi ndefu na ya kuzungukazunguka kama ile ya madaktari. Nilimuuliza, akakana, huku anakunja nguo iliyokwisha kukunjwa. Nilitaka kukasirika. Nilikwenda uani nikae na hasira yangu, nikiwa huko nikasahau nimekasirikia nini, nikabaki na uchungu mtupu bila sababu yake. Ndiyo hali yenyewe. Basi acha nikuambie mwenyewe, nisisemewe.

Watu wanadhani kupotea ni kama kuingia gizani. Hapana. Naona kila kitu. Naona nyumba, naona kona, naona mfereji, na vyote ni vizuri na vya kawaida, ila havishikani. Hakuna kinachoniambia kingine kiko upande gani. Halafu baada ya muda vinashikana tena na najiona mjinga.

Siku ile kwenye ofisi yenu ya hapa mjini nilipanga foleni kama mteja. Nilipofika kaunta yule kijana akaniuliza, "Nikusaidie nini, mzee?" Nikawa sijui. Nimesimama na shati la kazi, sijui nimefuata nini. Nyuma yangu mtu akasema, "Ndiye yule! Ukurasa haupatikani!" Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, Kitinda. Nilicheka nao kwa sauti, nikapunga mkono kama msanii, ili nipate kutoka. Ni hicho kicheko changu kinachoniuma. Cha kwao nimeshakisamehe.

Kisha nyumba ya pampu. Kigingi cha kwanza pale nilikichomeka mimi, kwenye vichaka, kabla wewe hujazaliwa.

Uongo wako wa barua nimeuona tangu mwanzo, kwa sababu bahasha yangu niliipeleka posta mwenyewe na tangu nianze kusahau naweka hesabu ya tarehe za kila kitu ili nisishikwe; najua ilikufikia kabla hamjazindua. Sikukujibu kwa sababu ningekugombeza kwa uongo huku nikiwa namdanganya kila mtu ndani ya nyumba hii. Mama yako ninamwambia nakwenda kutembea, kumbe nazunguka nyumba tu, bega karibu na ukuta.

Kwenye picha ile sikuwa naigiza. Niliichukia kwa sababu ilikuwa na ukweli.

Nilisahau kukuambia, paa la jikoni limezibwa.

Njoo. Huyo daktari wa mambo mbalimbali tutamwona.

Baba yako


Makao Makuu
31 Machi

Baba,

Shikamoo. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa hapo na basi la asubuhi. Mwambie Mama asiue kuku, tutakula kilichopo.

Kabla hatujaonana kuna jambo lazima liwe limeshasemwa, la sivyo sitaweza kukutazama.

Baada ya yale mambo ya tovuti niliitwa kwenye kikao cha wakuu. Picha yako iliwekwa ukutani, kubwa kama mlango. Mkuu wa idara akauliza, "Huyu mzee ni nani?" Nikajibu, "Ni picha tu, nilikuwa nayo." Ni picha tu. Mmoja wao akasema, "Lakini kweli kachanganyikiwa, mtazame macho." Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, Baba. Nilifanya hivyo nipate kutoka kwenye kile chumba na kazi yangu.

Uliposimulia ulivyocheka kwenye foleni, niliiweka barua chini, nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi. Wewe ulijicheka mwenyewe kwa kuwa hukuwa na pa kukimbilia. Mimi nilikucheka wewe.

Jana nilikwenda kwa mkuu wa idara. Nikamwambia, "Yule mzee wa kwenye picha ni baba yangu. Amepima mabomba yetu yote ya mji ule, na sasa anaumwa." Sikutaka chochote kutoka kwake, nilitaka tu liwe limesemwa ndani ya jengo lile. Akachukua kalamu, akairudisha. Akasema, "Binti, mimi ndiye niliyesema mtazame macho." Nilikuwa nimesahau kwamba ni yeye. Tukabaki hivyo, hakuna aliyejua atazame wapi.

Kama hutaki nije baada ya kusoma haya, nitaelewa. Lakini nitakuja tu.

Mwanao,
Kitinda


Nyumbani
11 Mei

Mwanangu Kitinda,

Tangu utupeleke mimi na mama yako kwa daktari na kuturudisha salama, nyumba imetulia. Jina la ugonjwa mama yako analikumbuka, mimi nimemwachia. Vidonge nameza. Barua hii nimeiandika kwa siku kadhaa, na mama yako ameisahihisha tarehe tu, hayo mengine ni yangu.

Pale kituoni ulipokuwa unapanda basi ulitaka kuomba radhi tena, nikakukatisha. Nilikukatisha kwa sababu watu walikuwa wengi, si kwa sababu nimechoka kuisikia. Lile la kikao liliniuma. Linaniuma mpaka leo, nikilikumbuka. Lakini ulilisema kwa mdomo wako mbele ya yule mkubwa wako, na mimi nikawaza, mtoto mdogo kuliko wote ametangulia kusema, mimi baba yake nimejificha nyuma ya ukuta wa nyumba.

Kwa hiyo wiki ile nyingine nikamwambia mama yako anipeleke kwa kinyozi. Akanisindikiza hadi kizingitini, akarudi. Ndani walikuwa watu watano sita hivi, wanabishana mpira. Nilipoingia mmoja akaanza, "Aaa, mzee wa..." mwenzake akampiga kiwiko. Nikajua hapa ndipo.

Sikuketi. Nikasema, "Nyie mmeiona picha yangu."

Kinyozi akazima mashine kichwani mwa mtu.

"Binti yangu aliipiga kwa mzaha, hakujua. Mimi siku ile nilikuwa natafuta nyumba yangu kwenye ramani niliyoichora kwa mkono wangu, na sikuiona. Ninaumwa. Ninapotea. Daktari amesema nitazidi kupotea. Nimewaambia wenyewe ili siku mkinikuta nimesimama mahali, msidhani ni mchezo."

Aibu niliyoisikia pale, Kitinda, ningeweza kuishika kwa mkono, ilikuwa nzito hivyo. Yule aliyeanza kusema "mzee wa" alitazama sakafu, nikaona naye ana yake.

Kinyozi akafuta kiti kwa taulo. Akasema, "Kaa, mzee. Ni zamu yako."

"Nina nywele gani mimi?"

"Kaa tu, nitazitafuta."

Wakacheka, na safari hii nilicheka kwa sababu ilichekesha.

Nilipomaliza, fundi viatu aliyekuwa mmoja wa wale wabishi akasimama akasema, "Twende wote, nina shughuli upande wa kwenu." Nikashukuru bahati. Kesho yake muuza magazeti naye ana shughuli upande wa kwetu. Keshokutwa kinyozi mwenyewe amefunga duka saa za kazi, ana shughuli upande wa kwetu. Yule binti mshona nguo hupita kila Alhamisi kupeleka nguo kwa mteja, na kikapu chake nimekichungulia, ni kitupu. Fundi viatu nyumba yake iko ng'ambo ya reli, nilimpimia kiwanja mwenyewe. Wanadhani sijui. Wananiuliza habari za mitaa njiani, hapa palikuwa na nini zamani, bomba hili linatoka wapi, na mimi nawaeleza, na mara nyingine katikati ya maelezo maneno yananikimbia, nao wananyamaza na kutembea tu mpaka yarudi. Yasiporudi tunafika nyumbani bila hayo.

Siwaambii kwamba nimewashtukia. Nao wana haki ya kuficha kitu.

Mama yako anakusalimu. Anasema mwezi ujao ukija uje na nguo za kukaa, siyo mkoba mmoja wa kukimbia nao. Usihangaike kunitafuta nyumbani kwanza, asubuhi siku hizi sikai ndani. Ukinikosa, uliza pale kwa kinyozi leo ni zamu ya nani.

Baba yako